Racheti: grisi ya beringi, mafuta ya cherehani au oili ya injini?

Gololi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nimefungua racheti mbili, zile spana za kukazia nati zenye gia ya meno ndani, na naomba ushauri kabla sijazifunga. Kubwa ni ya nusu inchi, ya zamani, meno 24. Ndogo ni ya robo inchi, meno 72, na imekuwa ikiruka meno kila nikikaza nati. Wiki iliyopita imenichubua vidole. Zote nimeziosha kwa mafuta ya taa na mswaki, zimekauka. Mezani nina grisi ya beringi za magurudumu, mafuta ya cherehani na oili mpya ya injini, 20W-50. Nipake ipi?

Spana14
Grisi, mkuu. Niko Dodoma, vumbi letu mnalijua. Oili inavuja pembeni ya kifuniko, vumbi linanasa, mwezi mmoja tu unasikia mchanga ndani. Racheti yangu ya nusu inchi naipaka grisi ya beringi miaka yote na haijawahi kuniangusha.

MamaKarakana
Spana14, kwa racheti yako uko sahihi, lakini kwa ile ndogo ya mwenzetu grisi hiyo ni hatari. Hesabuni: duara ni nyuzi 360. Meno 24, kila jino ni nyuzi 15, jino nene na lenye kina. Meno 72, kila jino ni nyuzi 5 tu, jino dogo na fupi. Ule ulimi unaosukumwa na springi lazima uzame mpaka chini kati ya meno. Grisi nzito ikijaa pale, springi nyembamba haina nguvu ya kuisukuma yote itoke. Ulimi unashika nchani, unakaza, unaruka, na kila ukiruka unakula ncha za meno.

Gololi, ulipoifungua ulikuta grisi nyingi?

Gololi_Tanga
Imejaa kabisa dada, ngumu kama sabuni. Niliipaka mwenyewe mwaka jana.

MamaKarakana
Basi chanzo ni hicho. Lakini kabla ya kupaka chochote, shika gia na ulimi juani, tazama ncha. Zikiwa zimeviringika na kung'aa, hakuna mafuta yatakayokusaidia, tafuta vipuri vya ndani. Zikiwa kali, weka matone mawili ya oili ya injini kwenye meno, basi. Mafuta ya cherehani yanafanya kazi vizuri pia, ila ni mepesi na yanaisha haraka, utarudia mara kwa mara.

Bandarini_Msa
Hapa Mombasa adui ni chumvi. Oili peke yake haikai, kutu inaingia kwenye springi kwanza. Mimi huchanganya grisi na oili ya injini kwenye kifuniko cha chupa mpaka iwe laini kama uji mwepesi, kisha napaka utando tu kwa kijiti. Na tafadhalini, zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu msizitegemee hapa. Zinaosha mafuta yaliyokuwepo, halafu sehemu kubwa yake inakauka.

Spana14
Mchanganyiko huo nitaujaribu kwenye ndogo yangu. MamaKarakana, hesabu ya nyuzi sikuwahi kuifikiria, asante sana.

Makete_Baridi
Naongeza la huku juu. Asubuhi za Juni na Julai grisi ya beringi inaganda, hata racheti ya meno machache inakuwa nzito. Mkebe ulioandikwa NLGI 2 (namba ya ugumu wa grisi) ndiyo ile ya kawaida. Namba ikishuka, grisi ni laini zaidi. Gololi, wakati wa kufunga ingiza mikono na racheti ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Ile springi na gololi ya kifungio zikiruka, zinabaki mfukoni. Skrubu kaza kwa kiasi, ukizidisha kifuniko kinabana gia.

Gololi_Tanga
Nimemaliza, wakuu. Ncha za meno bado kali, namshukuru Mungu. Kubwa nimeipaka mchanganyiko wa Bandarini, maana Tanga nasi tuna bahari. Ndogo nimeitia matone mawili ya 20W-50. Mara ya kwanza niliuweka ulimi kinyume, racheti ikazunguka bila kushika upande wowote. Nikafungua tena, nikalinganisha na picha niliyopiga kwa simu, ikakaa. Sasa inalia tik-tik nyembamba pande zote mbili. Nimekaza nati nne za betri na kifuniko cha tapeti, haijaruka hata mara moja.

MamaKarakana
Vizuri sana. Kesho asubuhi ifute kwa kitambaa, oili iliyozidi itakuwa imetoka pembeni usiku.