Maji ya Dodoma yanatumalizia vyombo, na jibu ni lile lile: "maji ni salama"

Wakuu, uzi huu msiuunganishe na ule wa mgao. Mgao ni kilio kingine. Mimi nazungumzia zile siku ambazo maji yanatoka.

Jumamosi fundi alifungua hita ya bafuni kwangu, huku Nkuhungu. Hita yenyewe bado ngeni. Koili haikuonekana kabisa, imevikwa gamba jeupe gumu kama saruji, na chini ya tangi tukakuta vipande vya mawe vya kujaza kopo. Fundi wala hakushtuka. Alisema hita za Dodoma ndivyo zinavyokufa, akataja bei ya koili, akaniachia namba yake kwa ajili ya safari ijayo. Simlaumu, ndio ugali wake. Ninaowalaumu ni wale wa mamlaka ya maji wanaopokea simu ukipiga kulalamika, wanakusikiliza mpaka mwisho halafu wanakujibu: "Mteja wetu, maji ni salama kwa matumizi."

Nani kawauliza usalama? Nimeuliza ugumu, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu ndani ya maji!

Kwa waliohamia juzi na mabegi ya wizara: mji huu kwa miaka mingi umeegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, kaskazini ya mji. Mto wa mwaka mzima hatuna. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua tu. Maji yanakaa chini kwa muda mrefu yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba, na jua linakausha udongo huku likiyaacha madini nyuma, yaje yazamishwe na mvua ya msimu unaofuata. Hilo ni la Mungu na jiografia, sina ugomvi nalo. Ukiyachemsha maji ya namna hiyo, kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka inageuka chokaa na kunata kwenye kitu cha moto kilicho karibu. Ndiyo maana vinavyotangulia kufa ni hita, jagi la umeme na pasi ya mvuke. Gamba linazuia moto wa koili usitoke haraka kwenda kwenye maji, koili inazidi kupata moto mpaka inaungua.

Ambalo watu hawalioni ni choo. Boya la tangi la kuflashi likishika gamba, valvu haifungi sawasawa. Maji yanachirizika usiku kucha, kimya kimya, na mita inahesabu. Mwisho wa mwezi unaletewa ankara ya maji uliyoyalipia yapite chooni bila kutumika, kwa kosa la maji yenyewe. Ukienda kulalamika unaambiwa una mvujo ndani ya nyumba, na uvujaji baada ya mita ni wa mteja. Sasa nibishane vipi hapo?

Sabuni nayo ni hadithi. Ile ya mche inasuguliwa mpaka mkono unauma ndipo upate povu, kwa sababu sehemu kubwa ya sabuni inakamatana na kalsiamu na kuwa uchafu mweupe unaoelea. Uchafu huo ndio unaoganda kwenye ndoo, kwenye malumalu, na kwenye mashati meupe ya shule ambayo muhula haujaisha yameshakuwa rangi ya majivu. Sabuni ya unga inajitahidi kidogo, bei yake mnaijua. Kina dada wa saluni waulizeni wanachosema wateja wakioshwa nywele kwa maji ya bomba. Madereva ndio kabisa, fundi yeyote wa rejeta atakwambia usithubutu.

Na maharage! Mama watoto anayaloweka tangu jioni na bado yanagoma jikoni, kalsiamu inakaza ganda badala ya kuliachia lilainike. Dawa ni ile ya bibi zetu, kijiko cha magadi, na hapo mtungi wa gesi unapumua. Lakini magadi yakizidi kidogo chakula kinakuwa na ladha ya sabuni, na mzee mwenye presha hapaswi kuongezewa hiyo sodiamu. Chai ya rangi ndiyo usiseme, ikipoa juu inaweka utando unaong'aa kama mafuta ya taa. Wageni kutoka Mbeya wanaiangalia, wanakuangalia na wewe.

Sasa tuwe wa kweli, maana humu kuna watu wataanza habari za mawe ya figo. Sijasema maji haya yanaua. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya, na kalsiamu ya kwenye maji ina faida zake mwilini. Ila shirika hilo hilo linasema maji yakizidi takribani miligramu 200 za ugumu kwa lita, yanaweza kuacha gamba kwenye mabomba, matangi na mitambo. Kwa hiyo "salama" ni jibu la swali la daktari. Swali la fundi bomba hakuna anayelijibu.

Wengine wanasema si wanatibu maji? Wanatia klorini, ndiyo, na klorini inaua vijidudu. Kalsiamu haina uhai, itauawa na nini? Shabu haiondoi. Chujio la mshumaa haliondoi. Kuchemsha kunapunguza kiasi tu, na hicho kilichopungua ndicho kinachobaki chini ya sufuria. Mtambo wa kuchuja kwa shinikizo unaondoa, lakini unamwaga sehemu ya maji unayouingizia, na kumwaga maji kwenye mji wenye mgao ni kichekesho. Ile mitambo ya kulainisha inayotumia chumvi nayo inataka chumvi kila mara na fundi anayeijua. Nani anaimudu, mpangaji wa chumba na sebule Chang'ombe?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kulainisha maji kunaweza kufanywa mara moja kwenye chanzo, au maji ya visima yakachanganywa na maji ya juu ya ardhi yaliyo laini zaidi. Ni gharama kubwa, sikatai. Lakini gharama haijafutika kwa kutofanya hivyo. Imesukumiwa majumbani, tunailipa rejareja: koili, sabuni, gesi, boya, dumu la lita 20 la maji ya kuchujwa dukani. Na ankara ya maji inakuja vile vile, haina punguzo la gamba.

Mwaka 2012 sensa ilikuta watu kama laki nne na kumi elfu katika mji huu. Ya 2022 imekuta zaidi ya laki saba na sitini. Bunge lipo hapa, wizara zipo Mtumba, na kila ukiingia kikao cha ofisi meza imejaa chupa za maji ya dukani. Sijui nani atapata uchungu wa jagi langu kwa mtindo huo. Bwawa la Farkwa kule Chemba tumelisikia miaka nenda rudi. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, yamefika Igunga, na watu wa huko wanafua kwa povu. Sisi tunaongezewa visima. Visima vinaongeza wingi, asante, lakini ardhi ni ile ile.

Najua majibu yanayokuja. "Chimba kisima chako." Nichimbe ardhi ipi, ya Morogoro? "Kinga maji ya mvua." Nakinga, bati lina mifereji na simtanki ninalo, ila kuanzia Mei hadi Novemba anga la hapa mnalijua. "Weka siki au limao kwenye jagi." Naweka, gamba linatoka, wiki ijayo limerudi. Hilo jagi natibu, mabomba yaliyo ndani ya ukuta niyanyweshe limao kwa njia gani?

Ninachotaka hakihitaji hata bwawa. Mamlaka ya maji inapima maji yake, maabara ipo. Itoe ugumu wa kila eneo kwa miligramu kwa lita, kila mwezi, kwenye ujumbe ule ule wa simu unaoleta deni. Mtu wa Ilazo ajue yake na wa Nzuguni ajue yake, kabla hajanunua hita ya laki kadhaa. Na mwenye kudhibiti huduma hizi aifanye kuwa lazima, si hisani.

Nimeomba namba hiyo kwa simu, nikaambiwa niandike barua. Barua nimepeleka, ina muhuri wa kupokelewa. Jibu sina.

Mwenye kipimo cha maabara cha mtaa wake akiweke hapa, aandike na mwezi kilipopimwa na kama ni maji ya bomba au ya kisima binafsi. Picha za koili nazo wekeni.