Mpango wa chama cha upinzani ulisaidia nini Zimbabwe mwaka 2009?

Msomaji wa Sinza

Wanajamvi, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma kimenipa kazi ya kuandaa mada kuhusu vyama vya upinzani vinavyoandika mipango ya kuijenga upya nchi iliyoporomoka, nami nimechagua Zimbabwe, kwa kuwa huko chama cha aina hiyo kiliingia serikalini kweli, japo kwa mlango wa uani. Chama cha MDC (Movement for Democratic Change) kilizaliwa Septemba 1999 kutoka katika vyama vya wafanyakazi, na mwanzoni mwa 2004 kikatoa mpango wa uchumi uliopewa jina la RESTART. Februari 2009, baada ya makubaliano yaliyosimamiwa na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, kiongozi wa MDC Morgan Tsvangirai aliapishwa kuwa waziri mkuu chini ya Rais Mugabe, na Tendai Biti wa chama hichohicho akakabidhiwa Wizara ya Fedha. Mfumuko wa bei ambao dunia nzima ilikuwa ikiushangaa ukakoma.

Naomba kuuliza: je, ni haki kusema kwamba mpango wa MDC ndio uliousimamisha, au chama kilifika wakati moto ulikuwa umekwisha kuzimika wenyewe?

Mstaafu wa Benki

Kijana wangu, anza na tarehe, maana watu wengi hulisimulia jambo hili kinyumenyume. Takwimu rasmi ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa ya Julai 2008, nayo ilikuwa asilimia milioni 231 kwa mwaka. Baada ya hapo serikali iliacha kutangaza, na Januari 2009 Benki Kuu ikatoa noti ya dola trilioni mia moja, wakati ambapo wauza nyanya walikuwa wamekwisha kuikataa fedha hiyo na kudai randi au dola ya Marekani. Tarehe 29 Januari 2009, Patrick Chinamasa wa ZANU-PF, chama cha Mugabe, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, alitangaza kwamba fedha za kigeni zingetumika kihalali katika biashara zote. Biti aliapishwa wiki mbili baadaye. Kwa hiyo dawa ya dola haikuandikwa na MDC. Iliandikwa sokoni, na serikali ikaja kuipigia muhuri.

Hata hivyo, kuruhusu dola hakuizuii serikali kutumia kisichokuwepo. Chini ya gavana wake Gideon Gono, Benki Kuu ilikuwa imegeuka hazina ya pili: ilinunua matrekta, iligharimia mambo ambayo bunge halikuyapitisha, na ilichota fedha za kigeni katika akaunti za watu, zikiwemo dola milioni 7.3 za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ambazo ilizirudisha baada ya kelele kubwa. Alichokifanya Biti katika mpango wa dharura wa Machi 2009 ni kufunga bomba hilo. Alisema serikali itakula kile ilichowinda, yaani hakuna shilingi itakayotoka kabla haijaingia. Kwa miezi ya mwanzo watumishi wa umma walilipwa posho ya dola 100 kwa mwezi, mkubwa kwa mdogo. Mimi niliyekaa benki miaka mingi nakwambia kwamba kumkatalia mkubwa wako fedha ni kazi ngumu kuliko kuandika kurasa mia za sera.

Wakala wa Forodha, Kurasini

Naongezea kwa upande wa bandari. Wateja wetu wa Harare wananunua magari yaliyotumika kutoka Japani, yanashushwa hapa Dar es Salaam, kisha yanaendeshwa kupitia Tunduma na Zambia hadi Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe. Mwaka 2008 kazi hiyo kwangu ilikuwa imekaribia kufa. Nakumbuka dereva mmoja alitoka safari na bunda la noti za huko, watoto wake wakawa wanachezea duka. Kufikia 2010 wateja walikuwa wamerudi na dola mkononi, na wengine walikuwa walimu na wauguzi, si wafanyabiashara wakubwa.

Lakini msiisimulie kama harusi. Mwenye akiba yake benki, au mzee aliyekuwa akisubiri pensheni, aliamka akakuta sufuri. Ilipofika Juni 2015 ndipo Benki Kuu ilipotangaza fidia: akaunti yenye hadi dola za Zimbabwe kwadrilioni 175 ililipwa dola tano za Marekani, na kilichozidi kikabadilishwa kwa kwadrilioni 35 kwa dola moja ya Marekani. Mteja wangu mmoja, mwana wa mwalimu mstaafu, aliniambia kwamba nauli ya baba yake kwenda na kurudi benki ingekula sehemu kubwa ya fidia hiyo, kwa hiyo mzee alibaki nyumbani.

Kijana wa Ubungo

Mzee wa Benki, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu tarehe, ila naona unampa Biti sifa kubwa kupita kiasi. Bomba halikufungwa, lilihamishwa. Gono alibaki kwenye kiti chake hadi mwisho wa 2013, ingawa MDC ilipiga kelele tangu siku ya kwanza kwamba aliongezewa muda bila ya wao kushirikishwa. Wizara ya Mambo ya Ndani iliwekewa mawaziri wawili, mmoja kila upande, na jeshi lilibaki kwa Mugabe. Kisha angalia almasi za Marange: bajeti ya 2012 ilitegemea dola milioni 600 kutoka huko, na kilichofika Hazina kilikuwa sehemu ndogo tu ya matarajio hayo. Januari 2013 Biti aliwaambia waandishi wa habari kwamba baada ya kulipa mishahara akaunti ya serikali ilibakiwa na dola 217. Mpango wowote wa kujenga nchi unaomfikisha waziri wa fedha mahali pa kuhesabu dola 217, huku almasi zikichimbwa mashariki mwa nchi hiyohiyo, umekosea mahali fulani. Naona ulikosea pale ulipodhani kwamba funguo za ofisi ni sawa na funguo za ghala.

Matokeo yake tunayajua. Julai 2013 Mugabe alitangazwa mshindi kwa asilimia 61 dhidi ya 34 za Tsvangirai, MDC ikatoka serikalini, na Novemba 2016 zikaja noti za dhamana, ambazo serikali iliapa kwamba thamani yake ni sawa na dola. Mwaka 2019 fedha ya nyumbani ikarudi, na mfumuko wa bei ukarudi nayo.

Msomaji wa Sinza

Nawashukuru sana. Kijana wa Ubungo, je, unamaanisha kwamba wangekataa kuingia? Nauliza kwa sababu hata sisi tuna mfano wa Zanzibar, ambako serikali ya umoja wa kitaifa ilipitishwa kwa kura ya maoni ya Julai 2010, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kijana wa Ubungo

Sisemi wangekataa. Kipindupindu cha 2008 na 2009 kiliua zaidi ya watu 4,000, hospitali zimefungwa na maji ya bomba hayatoki. Chama ambacho kingebaki nje kikinawa mikono kingeulizwa na wafiwa. Nasema tu kwamba wangedai Benki Kuu kabla ya kukubali Wizara ya Fedha. Zanzibar naiona tofauti: kule mgawanyo uliandikwa kwenye katiba na wananchi wakaupigia kura, wakati Zimbabwe ulikuwa mkataba wa wakubwa uliowekewa saini Septemba 2008 chini ya shinikizo la majirani.

Mstaafu wa Benki

Marahaba, mwanangu. Ungedai Benki Kuu kwa nguvu gani? Tsvangirai aliongoza duru ya kwanza ya Machi 2008 kwa asilimia 47.9, akajitoa kwenye marudio kwa sababu wafuasi wake walikuwa wakipigwa na kuuawa. Alikaa mezani na mtu mwenye jeshi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wasomi wanaoupima mpango kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya nchi tupu. Kipimo changu ni kidogo: katika miaka minne ya Biti hakuna mashine iliyochapa fedha, uchumi ulikua baada ya kushuka kwa karibu miaka kumi, na katiba mpya ilipata kura ya ndiyo ya zaidi ya asilimia 90 Machi 2013.

Msomaji wa Sinza, katika mada yako tarehe ya 29 Januari iweke juu kabisa, kabla hujamtaja Biti. Na hizo dola 217 zisiachwe.