Boma letu limefika renta ila mfadhili anataka kutupa madawati, tufanyeje?

mjumbe_kamati
Wakuu habari zenu, naombeni muongozo. Niko kamati ya shule ya msingi huku mkoa wa Geita, darasa la tatu peke yake wapo watoto 140 chumba kimoja, wananchi tukachangishana kila kaya tukasomba mawe na mchanga wenyewe, boma la vyumba viwili, yaani kuta bila paa, likapanda mpaka renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hapo hela ikakata. Sasa kuna kampuni inataka kutuletea madawati 100 wakati shida yetu ni mabati na mbao. Mwaka juzi tuliletewa hivyo hivyo na wengine, yakakosa pa kuwekwa yakakaa chini ya mwembe masika yote mpaka yakaanza kuachia misumari, roho iliniuma sana. Tukisema hapana si tutaonekana hatuna shukrani?

mama_wawili
Pole sana mkuu. Msikatae, ombeni wawabadilishie. Sisi tulipeleka barua ya mwalimu mkuu tukaambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye saini za watu, picha za boma na makadirio ya fundi, bati ngapi za geji gani, mbao, misumari, mpaka bei ya dukani, ikapitia kwa mtendaji wa kata ikaenda kwa mkurugenzi. Meneja wa kampuni alivyoona watu wameshamwaga jasho mpaka renta, alikubali. Hawa wana bajeti yao ya mwaka na madawati ndo kitu chepesi kununua, usipowaandikia shida yako hawawezi kuijua.

fundi_paa
Na vifaa vikija vipokelewe mbele ya kamati, hesabuni bati moja moja mwandike kwenye daftari. Kama ni hela iingie akaunti ya shule, isipite mkononi kwa mtu.

mdau_nyakati
Ngoja, hao ni mgodi au? Maana kama ni mgodi hiyo siyo hisani tena. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 mwenye leseni lazima kila mwaka aandae mpango wa CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, akubaliane na halmashauri, na halmashauri ndo inatakiwa isimamie na iwaelimishe wananchi miradi ipi ipo. Kwa hiyo boma lenu liingie kwenye vipaumbele vya kata kabla mpango haujapitishwa, mkienda umeshasainiwa mtasubiri mwaka mwingine, mkabeni diwani. Hata zile mbio za hisani za benki ya CRDB zilizoanza 2020 mimi nazikubali kwa sababu hela ilienda kwenye kitu kinachoeleweka, upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

mjumbe_kamati
Asanteni sana jamani. Hawa siyo mgodi ila mgodi upo jirani tu hapa na sikuwahi kujua kuna mpango wa hivyo, kesho naenda kwa diwani. Fundi nishampigia, Jumamosi anakuja kupima paa halafu jioni tunaitisha mkutano.