Wanafunzi 180 ukumbini, wanaojibu ni walewale watatu. Nitumie teknolojia gani?

MwalimuWaMalimbe: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Mwanza. Nikiuliza swali wananyoosha mkono watatu wa mbele. Nyuma vichwa vimeinamia simu. Muhula uliopita nilijaribu Kahoot, mchezo wa maswali unaojibiwa kwa simu yenye intaneti. Ukumbi ulichangamka, kisha CR (kiongozi wa darasa) akaja kuninong'oneza: "Mwalimu, nusu yetu hatuna bando." Wale nusu walikaa wakitazama ukuta kipindi kizima, na roho iliniuma. Waifai haifiki ukumbini. Kuna njia isiyowaacha nje?

Igoma_Kwetu: Pole mkuu. Kuna Plickers: mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro, upande anaouelekeza juu ndilo jibu lake, nawe unazisoma kwa kamera ya simu yako. Wao hawahitaji simu. Ila seti kubwa ina kadi 63, itakufaa kwenye semina.

Dagaa_Mbichi: Tafuta swali kwanza, kifaa baadaye. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha fizikia hivi mwaka 1991: kila mtu anapiga kura peke yake, kimya. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wanageukiana, kila mmoja amshawishi jirani, kisha wanapiga kura upya. Kadi za manila za rangi tatu zinatosha, kila jibu na rangi yake. Anza na hili: mtumbwi uliobeba mawe unaelea bwawani. Mvuvi akiyatupa majini, maji ya bwawa yatapanda, yatashuka, au yatabaki palepale?

Mwaka_wa_Pili: Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu, hatunyamazi kwa dharau. Tunaogopa kuchekwa Kiingereza kikikwama. Turuhusu tubishane kwa Kiswahili.

MwalimuWaMalimbe: Mrejesho. Jumanne umeme ulikatika, projekta ikazima, nikachora mtumbwi ubaoni. Kura ya kwanza wengi walinyanyua nyekundu, "yatapanda". Kijani, "yatashuka", kama theluthi. Nikasema geukianeni, Kiswahili ruksa. Kelele zikafika korido. Binti mmoja wa safu ya mwisho, sijawahi kusikia sauti yake, akasimama: "Jiwe likiwa mtumbwini linasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Likizama linasukuma maji ya ukubwa wake tu, na hayo ni machache. Yatashuka." Kura ya pili kijani kilitawala ukumbi. Mwaka_wa_Pili, asante sana, ulichosema sikuwahi kukifikiria. Sasa kuhesabu kadi kwa macho kunanilia dakika tatu. Mnafanyaje?

Dagaa_Mbichi: Wakinyanyua, piga picha ukumbi mzima. Pale pale kadiria tu, hesabu kamili ufanyie nyumbani.