Ushauri wakuu: mtoto damu inapungua kila mara, selimundu wanasema hana

Mama Wawili: Habari za jioni. Mwanangu ana miaka 4, macho ya njano tangu mdogo. Akishikwa na homa damu inashuka, mwezi uliopita ilifika 5.9. Selimundu hana, G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe za damu) iko sawa, malaria hakuna. Daktari anahisi himoglobini yake, ile protini nyekundu ya damu, si imara, ya kurithi, anataka sampuli iende nje ikasomwe vinasaba. Pesa ni nyingi. Nitume au nisubiri akue?

Siti ya Mbele: Nimewahi. Wajuzi waje.

Baba Kidato: Matembele na rozela, dada. Wangu alikuwa na 7, wiki 2 tu akafika 11. Sasa yuko kidato cha pili, sufuria la ugali analimaliza peke yake na bado anauliza kuna nini kingine.

Kopo la Maabara: Matembele ni ya aliyepungukiwa madini ya chuma. Huyu chembe za damu zinapasuka. Mama, aliongezewa damu lini, na sampuli ilichukuliwa lini? Mkojo una rangi gani? Kwenu nani ana historia, upande wa baba na wa mama?

Mama Wawili: Aliongezewa uniti 1, sampuli wiki moja baadaye. Akiumwa mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, nilidhani hanywi maji. Kwa baba yake wote wazima.

Kopo la Maabara: Nimeuliza pande mbili.

Mwalimu Mstaafu: Ndiyo matatizo ya kuoana kwa simu. Zamani ukoo ulichunguzwa kwanza, mahari baadaye.

Mama Wawili: Haya. Mimi nilitolewa bandama nikiwa darasa la tatu. Mume wangu anajua ni kidole tumbo. Mama ndiye aliniambia niseme hivyo.

Kopo la Maabara: Ungeanzia hapo! Ya mtoto imechanganyika na ya aliyemchangia, yako haijachanganyika. Na selimundu hutaka wazazi wawili, hii mmoja anatosha. Elektroforesisi, kile kipimo cha kutenganisha himoglobini kwa umeme, inaweza kupitwa: kwenye Hb Köln, mojawapo ya hizi zisizo imara, kijenzi kimoja cha protini kimebadilika, valini imekuwa methionini, chaji ni ileile. Waombe wakufanyie wewe kipimo cha isopropanoli, aina ya spiriti. Chembe zinaoshwa, zinapasuliwa, yale maji mekundu yanawekwa kwenye isopropanoli ya 17% kwa nyuzi 37. Damu ya kawaida inabaki angavu. Isiyo imara inapiga ukungu ndani ya dakika 5, ikifika 20 ni mabonge kama maziwa yaliyokatika. Iwe damu mbichi, ya juzi itakudanganya. Na kwa kuwa huna bandama, vile vidonge vya Heinz (si dawa, ni vibonge vya himoglobini iliyoharibika ndani ya chembe) vitaonekana kwako kirahisi zaidi. Vinasaba vitakuja kuthibitisha.

Mama Wawili: Nimeshauza cherehani moja, nusu nimetanguliza. Nikipimwa mimi, mama mkwe atasema nimewaletea ugonjwa. Majibu ya nje yatataja mtoto tu.

Mpelelezi: Chai hii. Kovu la kidole tumbo huwa kulia, bandama iko kushoto. Mume miaka yote hajashtuka? Na mbona juzi kwenye uzi wa vikoba ulisema huna mtoto?

Siti ya Mbele: Chai ya rangi iliyokolea 😂😂

Mama Wawili: Nilisema sina mtoto *wa kike*, karudie kusoma. Kovu liko chini ya mbavu, kushoto, kama zipu ya begi. Mume wangu ni dereva wa malori, bandama ataijulia wapi?

Baba Kidato: Madereva tunaijua, tunaila na ndizi.

Kopo la Maabara: Tuacheni. Mama, wewe mwenyewe ukipata homa usilale nayo nyumbani, asiye na bandama bakteria humlaza haraka. Chanjo ya nimonia ulipata? Na mtoto anatumia dawa gani sasa? Za salfa zinaweza kuzipasua hizo chembe.

Mama Wawili: Ana kikohozi. Duka la dawa walinipa Septrin, leo siku ya pili.

Kopo la Maabara: Septrin ni ya salfa! Mpigie daktari wake sasa hivi, kabla hujampa ya usiku. Mkojo wa leo umeuona?

Mama Wawili: Alikojoa uani. Ngoja nimwamshe.