Naomba ushauri: mke wangu kichwa upande mmoja na kutapika

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana inaniuma kumuona mke wangu anavyoteseka. Ana miaka 29, huu mwezi wa tatu sasa kichwa kinamgonga upande wa kushoto tu, nyuma ya jicho, kabla hakijaanza anaona vimulimuli halafu kinakuja kichefuchefu mpaka anatapika nyongo. Juzi nimerudi kazini nikamkuta kalala kajifunika kanga usoni, dirisha kaziba na blanketi, hata harufu ya vitunguu vya jirani haitaki kabisa. Tumepima malaria hamna, mimba hamna, presha 118/76, ila pale duka la dawa wao wanampa dawa za taifodi tu bila kupima, hilo kwakweli limenikera. Panadol anameza karibu kila siku, na nasikia dawa za maumivu zikizidi nazo zinaleta kichwa, ni kweli? Mama mkwe anasema hiki ni kipandauso. Homa hana, shingo haijakaza. Sasa nianze na daktari wa macho au wa mishipa ya fahamu? Na aliyepata nafuu alitumia nini jamani, maana huyu bado ananyonyesha, mtoto ana miezi 8.