Kikundi cha familia: kompyuta ya Zuhura ya kuhariri video

*Zuhura:* Shikamooni wakubwa. Nataka kununua kompyuta ya kuhariri video hapa nyumbani. Hii laptopu imenishinda, nikicheza klipu moja tu inakwamakwama. Nimeona moja ina kadi kubwa ya grafiksi, RAM GB 8. Nichukue?

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba mwanangu. Msubiri Hamisi kwanza, usitoe hela.

*Anko Hamisi:* Marahaba. Video unapigia nini?

*Zuhura:* Ile kamera mpya, 4K.

*Anko Hamisi:* Fungua menyu yake, angalia aina ya faili. Njia ya kubana video ni H.264 au H.265? Rangi inahifadhiwa kwa 4:2:0, au 4:2:2 yenye rangi zaidi? Biti ngapi za rangi?

*Zuhura:* Ngoja niiwashe

*Zuhura:* H.265, 4:2:2, biti 10

*Anko Hamisi:* Basi ugonjwa ni huo. H.265 haihifadhi kila picha nzima, nyingi inahifadhi mabadiliko tu ili faili liwe dogo. Ukirudi nyuma kidogo kwenye taimlaini, ule mstari unapopanga klipu, mashine inalazimika kufungua picha za jirani ndipo ipate unayoitaka. Kuna sehemu maalumu ndani ya chipu ya kazi hiyo, na si kila chipu inafungua 4:2:2. Kadi za grafiksi za NVIDIA zilizotangulia toleo la RTX 50 haziifungui, hata iwe ghali vipi.

*Kassim:* Kumbe! Kwa hiyo angenunua ile angebaki palepale?

*Anko Hamisi:* Huenda kabisa. Prosesa za kompyuta ya mezani za Intel, kuanzia kizazi cha 11, zinaifungua kupitia grafiksi ya ndani. Ila jina likiishia na herufi F iache, haina grafiksi ya ndani.

*Kassim:* Si abadilishe kamera irekodi 4:2:0 yaishe?

*Anko Hamisi:* Kwa video za kawaida inatosha. Lakini Zuhura anapenda kucheza na rangi, na hapo 4:2:2 inamfaa. Mimi nisingemshauri apunguze anachorekodi kwa sababu ya mashine. Zuhura, umeshawahi kutumia proksi?

*Zuhura:* Hapana Anko, ndiyo nini?

*Anko Hamisi:* Nakala nyepesi za video zako. Unakata kwa hizo, wakati wa kutoa kazi, yaani kutengeneza video ya mwisho, programu inarudi kwenye faili halisi. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve inazo. Chagua klipu, bofya kulia, tengeneza proksi, iache ifanye kazi. Jaribu leoleo kwenye hiyohiyo laptopu.

*Shangazi Mwanaidi:* Na akinunua iliyokwisha kuundwa, si sawa tu?

*Anko Hamisi:* Sawa kabisa dada. Aangalie tu kama ubao wake mkuu una nafasi ya kuongeza RAM na SSD ya pili, ile diski ya kasi. RAM GB 8 ni ndogo mno kwa 4K. Achukue 32, vipande viwili vya 16, maana viwili hufanya kazi sambamba.

*Kassim:* Na diski?

*Anko Hamisi:* Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Kwa hiyo SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, kwa kazi inayoendelea, na diski kubwa kwa zilizokwisha. Na nakala nyingine mahali pengine. Hilo la nakala silifanyii mzaha, diski hufa bila taarifa.

*Zuhura:* Ankooo! Proksi zimemaliza, klipu inakwenda laini kabisa! Nakata bila kukwama!!

*Shangazi Mwanaidi:* Alhamdulillah

*Kassim:* Basi hununui tena?

*Zuhura:* Nitanunua, kutoa kazi bado kunachukua usiku kucha. Ila sina haraka tena. Nitaanza na diski ya nakala.

*Anko Hamisi:* Vizuri. Siku ukiipata kompyuta, nitumie picha ya jina la prosesa kabla hujalipa.